Kabla Fundi wa Intaneti Hajaondoka Nyumbani Kwako

Siku intaneti inafungwa nyumbani, watu wengi wa huku Arusha wanaangalia mambo mawili tu. Simu imeshika Wi-Fi? Imeshika. Video inafunguka? Inafunguka. Basi, karatasi inasainiwa, fundi anapewa soda, geti linafungwa. Taabu inakuja miezi mingi baadaye, siku modemu inawaka taa nyekundu na mle ndani hakuna anayejua akaunti imeandikwa jina la nani, taa ile inadai nini, wala modemu ilikuwaje ilipokuwa nzima. Haya yanamalizwa siku ya kwanza, fundi akiwa bado sebuleni na ngazi yake.

Anza kabla hujalipa. Muulize jirani aliyefungiwa huduma hiyo hiyo, usimuulize muuzaji. Njiro si Sakina, na hata Sakina yenyewe, nyumba ya barabarani na ya ndani kabisa kichochoroni hazipati kitu kimoja. Muulize jirani hali ikoje kati ya saa mbili na saa nne usiku, maana hapo ndipo kila nyumba iko mtandaoni. Kasi nayo ipigie hesabu: kifurushi cha Mbps 20 hakishushi megabaiti 20 kwa sekunde. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8. Gawanya kwa 8, unabaki na 2.5. Filamu ya gigabaiti 1 itakuchukua kama dakika saba mambo yakienda vizuri. Wengi wanaolalamika kwamba wameibiwa hawajaibiwa, hawakuigawanya ile namba.

Mahali pa modemu panga wewe. Fundi akishatoboa ukuta karibu na dirisha atataka kuiacha hapo hapo, nyuma ya TV, kwa sababu ndipo waya ulipoishia. Kataa kwa adabu, mwonyeshe njia ya waya kabla drili haijawaka. Nyumba zetu ni bloku, zege na nondo, na kila ukuta unapunguza nguvu ya Wi-Fi. Modemu ikae katikati ya nyumba, juu kidogo, mbali na maikrowevu, friji na kioo kikubwa. Masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali lakini yanagongana na ya majirani; ya 5 GHz yana kasi ila ukuta wa pili yanachoka. Mwenye vyumba vya uani avute waya wa LAN, ule wa mtandao unaochomekwa kwenye modemu na kompyuta, mpaka huko na kufunga ruta ya pili. Waya huo unabeba vizuri hadi mita 100, na kiwanja cha kawaida hakifiki huko.

Kwa faiba, yaani intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya waya, dai waya wa akiba wa mita chache uviringishwe ukutani. Waya huu ndani yake ni kioo, haungwi kwa meno na selotepu kama wa umeme. Ukikatika unahitaji mashine ya kuuchomelea. Usiukunje. Mviringo wake usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Kichwa chake cha kijani usikiguse kwa vidole, na watoto wasikichomoe wakachungulia ndani: mwanga unaopita mle ni wa leza na jicho haliuoni, kwa hiyo hutajua kama upo.

Umeme unajua ulivyo. Kinachoumiza vifaa mara nyingi ni ule unaorudi kwa kishindo, ukakatika, ukarudi tena ndani ya dakika moja. Weka kilinda-umeme, na ukiweza nunua UPS ndogo ya modemu, yaani betri ya akiba. Faida yake kwa faiba ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: kwa kawaida, kati ya mitambo ya kampuni na nyumba yako, vigawanyo vilivyoko njiani havitumii umeme hata kidogo, kwa hiyo mtaa mzima unaweza kuwa gizani na wewe ukaendelea kufanya kazi. Adapta ikiungua, usichukue ya king'amuzi kwa sababu tu inaingia kwenye tundu. Soma maandishi. Modemu nyingi zinataka volti 12, ampea 1 au 1.5. Volti lazima zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi.

Radi: masika, Machi hadi Mei, chomoa mapema. Aliyefungiwa antena ya intaneti juu ya bati achomoe plagi na pia waya wa LAN unaoshuka kutoka kwenye antena, kwa sababu radi inapita na huo huo. Usisubiri mpaka ngurumo ziwe juu ya paa ndipo ukashike nyaya.

Sasa hili lisome polepole. Akaunti iwe kwa jina lako, na mipangilio ya modemu uwe nayo mkononi.

Kuna dada tunasali naye jumuiya moja, amepanga Moshono. Kazi yake ni kupanga safari za wageni: anatuma bei, anafuatilia nafasi za kambi, anajibu barua pepe usiku kwa kuwa Marekani bado ni mchana. Alipohamia ile nyumba alikuta faiba ya mpangaji aliyetoka. Akaona ni bahati, akaendelea kulipia kwa namba ile ile ya malipo, kila mwezi, bila kukosa. Hakuna aliyemwambia kwamba kulipia hakumfanyi mtu awe mwenye akaunti.

Julai, msimu umechanganya, mwenye nyumba akaleta mafundi wa rangi. Wakasogeza kabati la TV, wakapaka, wakalirudisha mpaka likagusa ukuta. Jioni modemu ikawaka taa nyekundu inayopepesa, chini yake pameandikwa LOS. Taa hiyo ina maana moja: mwanga haufiki kwenye modemu. Haihusiani na kifurushi kuisha, wala neno la siri, wala simu yako. Waya umekatika, umekunjwa, au umechomoka mahali. Mle ndani hakuna aliyelijua hilo, na kabati lilikuwa limeubana waya ukutani hatua mbili tu kutoka alipokaa.

Mpwa wake, kijana mwelekevu aliyemaliza kidato cha sita, akatazama video, akachukua pini, akabonyeza kitundu cha RESET nyuma ya modemu mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya. Alikuwa anasaidia, na video nyingi ndivyo zinavyofundisha. Taa nyekundu ikabaki pale pale. Lakini ndani ya modemu, kila alichoandika fundi siku ya kufunga kilifutika: jina la mtumiaji na neno la siri la PPPoE, ambavyo ndivyo modemu inavyojitambulisha kwa kampuni, namba ya VLAN, inayotenganisha njia ya huduma yako, hata jina la Wi-Fi likarudi lile refu la kiwandani. Tatizo moja likawa mawili, na la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza.

Akapiga huduma kwa wateja. Wakataka jina la mwenye akaunti na kitambulisho chake. Jina ni la mpangaji wa zamani, aliyehamia Dodoma, na simu aliyosajili haipatikani. Wakamwambia hawawezi kutoa taarifa za akaunti kwa mtu mwingine wala kumtuma fundi. Nawatetea kwa hilo. Mwenye akaunti ungekuwa wewe, ungetaka wajibu hivyo hivyo. Akatafuta fundi kwa kujuana. Fundi akavuta kabati, akaunyoosha waya, LOS ikazimika, taa ya PON, inayoonyesha mwanga umefika, ikatulia kijani. Watu wakashangilia sebuleni. Wakafungua simu: hakuna intaneti. Fundi hakuwa na PPPoE ya nyumba ile. Inatoka ofisini, na ofisi inamtaka mwenye akaunti.

Mpangaji wa zamani alikuja kupatikana kupitia dalali aliyewapangisha wote wawili. Ilipita karibu wiki nzima. Dada akaendesha kazi kwa bando la simu, akichelewa kujibu, na kundi moja la wageni waliokuwa wamekubali bei likaenda kwa kampuni nyingine. Hiyo ilikuwa pesa ya kodi. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu mzizi wa yote ulikuwa kabati la kusogeza.

Kwa hiyo, fundi akiwa bado yupo, chukua simu yako. Piga picha ya taa za mbele zikiwa salama, uwe na cha kulinganisha. Geuza modemu, piga picha ya kibandiko chenye namba ya mashine (serial number), yaani ile ndefu ya herufi na tarakimu. Mwambie afungue ukurasa wa mipangilio, kwa kawaida 192.168.100.1 au 192.168.1.1, upige picha ya sehemu ya WAN, yaani upande unaoiunganisha modemu na kampuni, na akuandikie PPPoE kama ipo. Uliza kama modemu ikifutika itajivutia mipangilio yenyewe kutoka ofisini. Baadhi ya kampuni wanafanya hivyo, wengine hapana, na jibu hilo utalihitaji. Halafu uulize namba ya nguvu ya mwanga unaoingia, inayosomeka kwa dBm. Kwenye faiba nyingi za nyumbani inatakiwa iwe kati ya -8 na -27. Iandike na tarehe. Ikiwa leo ni -19 na baada ya miezi ikawa -26, waya umekunjwa au kichwa kimechafuka, na utamwambia fundi hivyo badala ya kusema “mtandao unasumbua”. Picha zote zitume kwa mtu mwingine wa nyumbani pia. Zikibaki kwenye simu iliyoibiwa daladalani hazina msaada.

Siku ikigoma, fuata mpangilio na usiuruke. Kwanza muulize jirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, Tanzania nzima ikalegea pamoja na nchi jirani, na siku hiyo hakuna modemu ya Kijenge ambayo ingepona kwa kubonyezwa. Kama jirani yuko salama, tazama taa, linganisha na picha. LOS nyekundu, fuata waya kwa macho kuanzia modemu mpaka unapotoka nje, ukisogeza kila kilichoegemea. Taa ziko sawa na intaneti hakuna, zima modemu kwenye swichi, hesabu nusu dakika, washa, subiri dakika tano. Kuzima na kuwasha hakufuti kitu; kitundu cha RESET kinafuta kila kitu, na kisiguswe mpaka mtu wa kampuni aseme hivyo kwa mdomo wake na mipangilio uwe nayo. Kisha unganisha kompyuta kwa waya. Ikienda vizuri kwa waya na vibaya kwa Wi-Fi, kampuni haina kosa. Badili chaneli ya 2.4 GHz, chagua 1, 6 au 11, au hamisha modemu. Hapo ndipo upige simu, ukiwa na namba ya mashine, saa tatizo lilipoanza na rangi za taa.

Kwa modemu inayotumia waya mnene kama wa dishi, mengi ni yale yale, ila adui ni vichwa vilivyolegea na vigawanyo. Kaza kila kichwa kwa mkono. Kila kigawanyo cha njia mbili kinakula kama dB 3.5 ya mawimbi, kwa hiyo usitoe waya wa modemu kwenye kigawanyo cha TV ya pili au ya tatu. Utoe kwenye cha kwanza kabisa. Kwenye ukurasa wake, nguvu ya kushuka ikae karibu na sifuri, kati ya -7 na +7 dBmV.

Maneno ya siri badilisha yote mawili, la Wi-Fi na la kuingilia kwenye mipangilio. Hilo la pili wengi wanalisahau, na aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi yako anaweza kuingia nalo akakufungia nje. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha Wi-Fi kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba fupi.

Mengine ni ya kuwa macho tu. Mtu akija getini akijiita fundi wa kampuni na hukumwita, piga ofisini kabla hajapanda darini. Waya unaopita kwenye mparachichi, kata matawi kabla ya mvua. Unaovuka njia ya magari upandishwe, maana jirani akianza kujenga, lori la mchanga litapita nao. Mafundi wa rangi, silingi na mapazia waonyeshe waya ulipo kabla hawajashika kazi. Kama kipato chako kinategemea mtandao, laini ya kampuni nyingine yenye bando iwepo ndani. Ukihama, funga akaunti au nendeni ofisini na anayeingia mbadilishe jina, usimwachie tu kwa wema. Ukihamia, usianze kulipia kabla ya hilo. Na risiti za malipo zitunze, hata za mwaka jana.