Somo: Jinsi ya kutengeneza karda, kisu kidogo cha Nepal, nyumbani

Kila ikiwekwa picha ya khukuri, kisu kikubwa kilichopinda cha Nepal, hapa, swali la pili au la tatu ni lile lile: "Hicho kisu kidogo nyuma ya ala kinatengenezwaje?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Nyuma ya ala ya khukuri huchomekwa visu viwili vidogo. Chenye makali ni karda, cha kumenya, kuchonga na kazi ndogo ndogo. Butu ni chakmak, cha kunyooshea makali ya khukuri na kupigia cheche. Hapa tunatengeneza karda: bapa sm 8, upana mm 22, unene mm 3 mgongoni, msuka (sehemu inayoingia kwenye mpini) sm 5.

1. Chuma. Springi ya bapa ya gari. Wahunzi wa Nepal hutumia springi za malori, kama wahunzi wetu wa mapanga. Nondo haifai, haina kaboni ya kutosha kushika ugumu. Pima kwanza: kipande kidogo kipashe moto hadi kiwe chekundu, kichovye majini, kibane kwenye jiliwa, kifunike kitambaa kizito ukipige nyundo. Kikikatika ghafla, chuma ni chenyewe. Kikipinda, tafuta kingine. Springi iliyovunjikia barabarani mara nyingi ina nyufa zisizoonekana, hivyo usichukue sehemu iliyo karibu na pale ilipovunjikia.

2. Kukata. Kata kwa grenda mlia wa upana mm 12 kutoka springi ya unene wa mm 8, urefu sm 30. Kisu kitameza sm 7 tu, kwa kuwa chuma kikifuliwa hupanuka na kurefuka. Sehemu nyingine ndiyo ya kushikia, huhitaji koleo hadi hatua ya 5.

3. Moto. Jiko la mkaa lenye kipulizio. Mkaa mkavu wa mti mgumu.

4. Kufua. Fua chuma kikiwa rangi ya chungwa, kikififia kuwa chekundu cha giza rudisha motoni. Springi ikigongwa baridi hupasuka. Ikianza kurusha cheche yenyewe motoni imeungua, na sehemu hiyo haiponi, ikate. Unapopiga upande wa makali kuwa mwembamba, upande huo hurefuka na ncha huinukia mgongoni. Kwa hiyo kabla ya kupiga makali, pinda bapa kidogo kuelekea upande wa makali, nayo itajinyoosha yenyewe kadiri unavyogonga. Wengi husahau hili kisha wanashangaa kisu kimegeuka mundu wa kinyume.

5. Msuka. Tenganisha kisu na mlia uliobaki, kishike kwa koleo, vuta msuka: mm 7 begani (pale msuka unapokutana na bapa), mm 4 mwishoni. Bega liwe na mviringo. Kona kali hapo ndipo kisu hukatikia.

6. Kutuliza chuma. Pasha moto hadi sumaku isishike, acha kipoe hewani. Rudia mara tatu. Mara ya nne kizike kwenye majivu makavu hadi kesho yake, ndipo tupa itakula.

7. Tupa. Chonga umbo. Acha makali na unene wa mm 1, usiyamalize sasa.

8. Kutia ugumu. Someni polepole.

Mmeona video: mhunzi wa Nepal anashika khukuri nyekundu, anamimina maji kwa birika kwenye makali tu, anakwenda na kurudi, basi. Msifanye hivyo kwa karda. Khukuri ina mgongo mnene, wa mm 8 hadi 10. Makali yakipozwa, mgongo bado umebeba joto jingi, na joto hilo linarudi kwenye makali na kuyapunguza ukali wa ugumu kabla hayajapasuka. Karda ya mm 3 haina akiba hiyo. Maji yanaipoza yote kwa mkupuo, unasikia "ting!", na kazi imeishia hapo. Ufa hauzibiki, hata ukiwa mwembamba kama unywele.

Tumia mafuta ya kupikia, ya alizeti yanafaa, lita 2 ndani ya mkebe mrefu wa chuma. Plastiki, hata siku moja. Yapashe hadi nyuzi 50 au 60, kwa kuwa mafuta baridi ni mazito na hupoza polepole. Fanya kazi jioni au kivulini, juani rangi ya chuma hudanganya. Pasha bapa polepole, ukigeuzageuza ili ncha isitangulie. Sumaku ikiacha kushika (karibu nyuzi 770) bado hujafika: springi inahitaji takriban 830, yaani rangi ing'ae kidogo zaidi. Iache hapo dakika moja au mbili, kisha zamisha, makali yakiwa chini. Sogeza mbele na nyuma kama unayekata. Ukiipunga pembeni itajikunja.

Ukiitoa na umeona imepinda, una sekunde chache tu za kuinyoosha kati ya vibao viwili ikiwa bado ya moto. Ikishapoa, usiiguse: itakatika.

Moto ukishika mafuta, funika kwa bati. USIMWAGE MAJI. Bati liwe mkononi kabla hujaanza, na kazi ifanyike nje. Oili chafu ya injini msitumie, moshi wake ni sumu.

Kipimo: tupa iteleze kwenye makali bila kuuma. Ikiuma, moto haukutosha, rudia.

9. Kupunguza ugumu. Siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Ovena nyuzi 200 kwa muda wa saa 2, poza, rudia. Huna ovena? Sugua bapa kwa msasa ling'ae, chukua chuma kinene kilichoiva moto, laza mgongo wa kisu juu yake. Rangi itatembea kutoka mgongoni kwenda kwenye makali. Manjano ya majani makavu ikifika kwenye makali, chovya majini. Mgongo utakuwa wa buluu, yaani laini na mgumu kukatika, karibu na ile tabia ya khukuri.

10. Mpini. Nepal hutumia mti wa sisau au pembe ya nyati wa majini. Mpingo wetu ni wa jenasi moja na sisau. Toboa mm 4, panua kwa msumari wa moto, si kwa msuka wenyewe: joto litapanda hadi kwenye bapa. Gundi ya asili ni laha, huyeyushwa kwa moto kwanza. Epoksi inatosha. Mpingo una mafuta, safisha tundu kwa spiriti kwanza. Vaa barakoa, vumbi lake huwasha ngozi na mapafu.

11. Kunoa. Mwinamo wa nyuzi 20 kila upande. Kila mara chovya majini, ukitumia grenda utaona buluu kwenye makali na utarudi hatua ya 8.

---

Swali: Mkuu, nondo ya mm 12 naweza kutumia? Ninayo nyumbani.

Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Nilimwaga maji kama video, imepasuka katikati. Tatizo ni springi za siku hizi, hazina ubora.

Jibu: Tatizo ni maji. Hatua ya 8 imeandikwa kwa ajili yako.

Swali: Lakini wao wanamwaga maji na wao ndio wenye kisu.

Jibu: Wanamwaga kwenye khukuri, unene mara tatu ya hicho chako. Soma tena sababu, halafu tuendelee.

Swali: Fundi, shikamoo. Kwa nini mhunzi yule asizamishe khukuri yote kwenye mafuta tu? Kuna faida gani kumimina?

Jibu: Marahaba. Khukuri hukata kwa kupiga, kama panga. Ikiwa ngumu yote, itakatika siku itakapogonga mfupa au fundo la mti. Kwa kumimina, mhunzi anachagua mahali: sehemu ya tumbo inayopiga hupata maji zaidi, ncha na karibu na mpini kidogo. Akisimamisha birika anatazama rangi zinavyorudi kutoka mgongoni, na akiona zimefika, anamimina tena kuzuia. Yaani hatua ya 8 na ya 9 anazifanya kwa pigo moja, kwa jicho. Ukitaka kujifunza, anza na kipande cha springi kisichopunguzwa unene, si karda.

Swali: Naomba na chakmak, dada yetu anataka kuwashia moto porini.

Jibu: Umbo lile lile, makali usiyatoe, acha butu mm 2. Tia ugumu, kisha hatua ya 9 iwe nyepesi, nyuzi 150 tu, kwa sababu cheche zinahitaji chuma kigumu. Springi hutoa cheche hafifu. Tupa kuukuu ni bora zaidi, ila saga meno yake yote kwanza, kila jino ni mwanzo wa ufa. Pigeni kwenye kona kali ya gumegume (jiwe gumu la kutolea cheche), juu yake weka pamba iliyochomwa ikawa nyeusi.

Mwanachama mwingine: Naongezea: pamba ichomwe ndani ya kopo lililofungwa lenye tundu dogo. Moshi ukikoma, toa kopo motoni na ulifungue likishapoa. Ukifungua mapema inateketea yote.

Jibu: Sahihi. Na mpini, baada ya msasa namba 400, upakwe nta ya nyuki ukiwa umepashwa joto kidogo. Mafuta ya kupikia yananata na kunuka baada ya muda.

Swali: Kwa hiyo hata pembe ya ng'ombe nipake nta?

Jibu: Ndiyo. Ichemshe kwanza kabla ya kuinyoosha, na toboa polepole, pembe ikipata joto kwenye drili hupasuka na kunuka nywele zilizoungua.