Kuanza na ns-3 kwenye seva ya pamoja ya chuo

Usimwombe msimamizi wa seva akupe sudo (ruhusa ya kuendesha amri kama msimamizi). ns-3, programu ya kuiga mitandao ya kompyuta, hukaa yote ndani ya folda yako, na hati yake ya `./ns3` hugoma ikiendeshwa na root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo. Cha kumuuliza ni nafasi ya diski: ukijenga kila kitu pamoja na mifano, gigabaiti kadhaa huondoka. Ukishaingia kwa ssh, angalia `quota -s`, `free -h` na `uptime`, uone pia wenzako wanatumia kiasi gani.

Kisha pakua toleo moja mahususi, si tawi linalobadilika kila siku:

`git clone --depth 1 --branch ns-3.40 https://gitlab.com/nsnam/ns-3-dev.git`

Ingia kwenye folda hiyo, uchague moduli unazohitaji tu:

`./ns3 configure --enable-examples --enable-modules="point-to-point;internet;applications"`

Alama za kunukuu ni za lazima, la sivyo bash itadhani amri imeishia kwenye nukta mkato ya kwanza. Ukisahau `--enable-examples`, mifano ya mafunzo haitajengwa.

Kujenga ndiko kunakoleta ugomvi. Usipotaja kwa `-j` idadi ya kazi za kwenda sambamba, `./ns3 build` huchukua viini vyote vya prosesa isipokuwa kimoja, na seva nzima hulemewa. Andika `nice -n 19 ./ns3 build -j 4` (`nice` huwapisha wenzako kwanza), tena ndani ya tmux, programu inayoweka kikao chako hai kwenye seva, ili intaneti ikikatika kazi iendelee. Ukiona `Killed` karibu na `cc1plus` (kikusanyaji cha C++), msimbo hauna kosa: RAM imeisha. Shuka hadi `-j 2`, rudia amri. Vipande vilivyokwisha kujengwa havianzi upya.

Sasa endesha mfano wa kwanza wa mafunzo: `./ns3 run first`. Mteja atatuma baiti 1024 kwenye sekunde ya 2, na seva ya ndani ya uigaji itazipokea kwenye 2.00369. Usiipite namba hiyo, ikokotoe. Ongeza baiti 8 za UDP, 20 za IP na 2 za PPP (itifaki ya kiungo chenyewe), upate 1054. Kwenye kiungo cha Mbps 5 hizo huchukua milisekunde 1.6864 kutoka, na ucheleweshaji wa kiungo ni milisekunde 2. Jumla 3.6864. Anayeweza kufanya hesabu hii ataweza kugundua uigaji wake mwenyewe unapodanganya.

Kazi yako iweke kwenye `scratch/`: nakili `examples/tutorial/first.cc`, uipe jina `jaribio.cc`, uiendeshe kwa `./ns3 run scratch/jaribio`.

Kwa majaribio marefu, sanidi upya kwa `-d optimized`; mwendo huongezeka sana. Lakini hapo NS_LOG, yaani ujumbe wa mwenendo ambao ns-3 huchapisha, huzimwa kabisa, na `first` haitachapisha hata mstari mmoja. Wengi hudhani programu imeharibika.

Uigaji mmoja wa kawaida hutumia kiini kimoja tu. Matokeo pia hayabadiliki ukirudia, kwa sababu mbegu ya namba nasibu ni ileile. Badilisha `RngRun`, namba ya endesho:

`./ns3 run "scratch/jaribio --RngRun=3" --no-build`

Hiyo `--no-build` huzuia maendesho yanayokwenda sambamba yasigombanie ujenzi. Majina ya faili za pcap (rekodi za pakiti zilizopita) nayo yabebe namba ya RngRun, maana bila hivyo kila endesho hufuta la mwenzake. Zihamishe kwa scp hadi kompyuta yako, uzifungue kwa Wireshark, programu ya kuchunguza pakiti, kisha uzifute kwenye seva.