Tiketi ya kusimama London: kulipa ni jambo moja, nafasi ni jingine

Tiketi iliyoandikwa "standing" au "general admission" inakupa haki moja tu, ya kupita mlangoni. Haina namba ya kiti, na hakuna atakayekuonyesha pa kukaa. Aliyewahi anasimama mbele, aliyechelewa anatazama migongo ya watu. Kwa aliyezoea konsati za uwanjani, kama zile za Leaders Club Dar es Salaam, tofauti kubwa ni kuta. Uwanjani ukibanwa unajitoa pembeni upate hewa. Ndani ya ukumbi wa London wenye watu elfu kadhaa, pembeni ni ukuta, mbele ni uzio na nyuma ni watu.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni ukumbi wa Brixton, kusini mwa London, ambao siku hizi unaitwa O2 Academy Brixton. Ulifunguliwa mwaka 1929 ukiwa sinema, na sasa unaingiza watu karibu 5,000. Wasanii wengi wa Afrika wameujaza. Mengi yaliyoandikwa hapa yanafaa pia kwa kumbi nyingine za Uingereza, lakini kila ukumbi una masharti yake kwenye tovuti yake, na dakika tano za kuyasoma zinaweza kukuokolea usiku mzima.

Kununua

Tiketi za konsati kubwa huuzwa kwa awamu. Kwanza hupewa wateja wa kampuni fulani za simu au waliojiandikisha kwa msanii, halafu ndipo hufunguliwa kwa wote, mara nyingi Ijumaa saa nne asubuhi. Fungua akaunti na uingize kadi yako ya benki siku moja kabla. Wengi hukosa tiketi kwa sababu walikuwa bado wanaandika anwani huku muda wa kikapu ukiisha.

Zikiisha, usikimbilie walanguzi wa mlangoni wala yule jamaa wa kwenye kundi la WhatsApp "mwenye mbili za ziada". Tiketi nyingi sasa zinakaa ndani ya programu ya simu. Msimbo wake hubadilika kila baada ya sekunde chache, au hautokei kabisa hadi saa chache kabla ya shoo. Picha ya skrini uliyotumiwa haitafunguliwa mlangoni, hata kama aliyekuuzia ni mtu mwaminifu. Tiketi halali huhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya programu yenyewe. Programu za tiketi za Twickets na DICE zina utaratibu wa kuuziana bila kulanguana, kwa hiyo jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri. Siku mbili za mwisho watu wengi hurudisha.

Kwa shoo za mapromota wa jumuiya zetu, angalia zaidi. Bango linaweza kutoka kabla viza ya msanii haijatoka. Lipa kwa kadi, usitume fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu, maana kadi inakuachia njia ya kudai urudishiwe pesa shoo ikifutwa. Na hakikisha ukumbi wenyewe umeitangaza shoo hiyo kwenye kalenda yake. Kama haimo, uliza ukumbi kwanza.

Saa ni saa

Hapa ndipo wengi wetu huumia. Tiketi ikisema milango ni 7pm, basi saa moja jioni milango inafunguliwa. Msanii wa kufungua hupanda karibu saa moja na nusu au saa mbili, na mwenye shoo karibu saa tatu. Kumbi nyingi zina saa ya kufunga muziki iliyomo kwenye leseni, mara nyingi saa tano usiku, na fundi hukata sauti hata kama wimbo wa mwisho haujaimbwa. Ukienda kwa mazoea ya nyumbani, ukaoga saa tatu ili "usiwahi sana", utakuta nusu ya ulichokilipia imekwisha. Ratiba kamili ya jukwaa hutangazwa siku yenyewe, kwa kawaida kwenye kurasa za ukumbi au za msanii. Disko za kukodi ukumbi, ambako msanii hupanda saa saba usiku, ni mambo mengine kabisa. Usichanganye kalenda hizi mbili.

Ukitaka kushika uzio wa mbele, wahi kwa muda wa saa mbili hadi tatu kabla ya milango kufunguliwa. Ukiridhika na katikati, dakika 20 kabla zinatosha.

Mlangoni

Chukua kitambulisho halisi chenye picha: pasipoti, au leseni ya udereva ya Uingereza. Picha ya pasipoti iliyomo kwenye simu hukataliwa, na kitambulisho cha taifa cha Kenya au Tanzania baunsa anaweza asikitambue. Baa nyingi humdai kitambulisho kila anayeonekana chini ya miaka 25, ingawa umri wa kunywa ni 18. Watoto wa chini ya miaka 14 mara nyingi hawaruhusiwi eneo la kusimama, hata wakiwa na mzazi.

Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4. La mgongoni liache nyumbani, kwani ukikataliwa nalo ukumbi hauna wajibu wa kukutunzia. Mwavuli mrefu, chupa, manukato ya kioo na kamera ya lenzi ya kubadilisha huishia kwenye pipa au kukurudisha nje. Dawa za hospitali zije kwenye boksi lenye jina lako. Ukishaingia, kutoka na kurudi mara nyingi hakuruhusiwi, basi kula kwanza.

Ingiza tiketi kwenye pochi ya simu ukiwa bado una intaneti nyumbani. Foleni ya watu elfu tatu wanaofungua programu moja kwa wakati mmoja huua mtandao.

Na jambo lisilo na mjadala: kama huna tiketi, usiende. Desemba 15, 2022, kwenye konsati ya Asake, mwanamuziki wa Nigeria, hapohapo Brixton, watu walibanana kwenye eneo la kuingilia na wawili wakafariki, shabiki mmoja na mlinzi mmoja. Polisi walisema umati mkubwa ulifika bila tiketi. Ukumbi ulifungwa hadi Aprili 2024, na ukafunguliwa kwa masharti 77 ya halmashauri ya eneo hilo, Lambeth. Ukifika ukakuta foleni imegeuka kuwa rundo, watu wanasukuma milango, rudi nyuma hadi barabara ya pili. Usikae hapo kurekodi video.

Pa kusimama

Mbele kabisa si lazima iwe pazuri. Unamwona msanii, lakini sauti unayoipata ni ya spika za chini na ngoma za jukwaani, na huwezi kwenda msalani ukarudi. Sauti bora iko karibu na meza ya fundi wa sauti, kwa kawaida katikati kuelekea nyuma, kwa sababu yeye anapima anachokisikia yeye. Meza hiyo huzungushiwa uzio. Ukiegemea uzio huo, hakuna wa kukusukuma kutoka nyuma.

Usisimame chini ya roshani ukiweza, kwani sauti kali hufifia na besi ndiyo inayobaki. Kwa mtu mfupi, Brixton ina neema yake: sakafu inainama kuelekea jukwaani, kwa hiyo hata aliye nyuma huona juu ya vichwa. Kwenye ukumbi wa sakafu bapa, tafuta ngazi au pembe ya jukwaa upande ambao milango ya kuingilia haipo. Watu hujazana walikoingilia.

Kabla taa hazijazimwa, tafuta kwa macho milango miwili ya dharura mbali na ule ulioingilia. Taa zikizimwa na watu wakijaa, hutaiona tena.

Msongamano

Kwetu magazeti huandika "mkanyagano", na neno hilo linapotosha. Watu wengi wanaokufa kwenye umati hawakanyagwi. Wanakufa wakiwa wamesimama, kifua kimebanwa hadi mapafu hayawezi kutanuka. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado wanajongea. Wakifika sita au saba, umati huanza kwenda kama maji: msukumo wa nyuma unapita kama wimbi, na mguu wako hauamui tena uelekee wapi.

Kipimo chako ni mkono. Jaribu kuuinua ujikune shavu. Ukishindwa bila kumsukuma mtu, umeshachelewa kidogo, ondoka sasa. Usishindane na wimbi. Likisukuma, lifuate ukisimama wima. Likitulia, piga hatua mbili tatu kwa mshazari kuelekea pembeni na nyuma, kisha subiri tena. Mikono iweke mbele ya kifua kama mwanamasumbwi, ibaki nafasi ya kupumua. Simu ikianguka, iache. Kuinama hapo ndiko kunakowaangusha watu. Jiepushe na nguzo na kuta, kwa sababu ndizo zisizosogea.

Ukiwa karibu na mbele, nyoosha mkono juu na mtazame mlinzi aliye ndani ya uzio. Kazi yake hasa ni hiyo, kukuvuta juu ya uzio na kukutoa kwa upande. Si aibu. Mwenzako akianguka, walio pande zote washikane mikono wafanye duara, wawili wamnyanyue.

Mwili wako

Vaa viatu vya kufunika vidole, vilivyokwisha kuzoea mguu. Baridi ya Januari inakudanganya uvae koti zito, lakini ndani ni joto. Lipa pauni chache kwenye chumba cha kuhifadhia makoti, au vaa nguo mbili nyepesi na utembee haraka njiani. Kumbuka foleni ya kuchukua koti mwishoni inaweza kula nusu saa, na treni haikusubiri.

Maji ya bomba ni bure. Baa yenye leseni England na Wales inalazimika kukupa ukiomba. Sema tu "tap water". Ukinunua chupa, kizibo watakitoa. Malipo ni kwa kadi, noti zako hazina kazi humo.

Masikio ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kwa kelele ya desibeli 100, ambayo konsati huifikia bila shida, muda salama kwa sikio tupu ni kama dakika 15. Shoo huchukua muda wa saa mbili. Nunua vizibo vya sponji duka la dawa. Kiviringishe kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kitie, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi kitanuke. Wengi huvilaumu kuwa havizuii kitu, kumbe wameviacha mlangoni mwa sikio. Ukitaka muziki ubaki safi, vile vyenye kichujio ni ghali zaidi lakini havifanyi sauti iwe kama inatoka chini ya blanketi.

Simu iwe kwenye mfuko wa mbele wenye zipu. Mfuko wa nyuma ni mchango kwa wezi. Bofya *#06# nyumbani, uandike mahali pengine namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Polisi na kampuni ya simu wataiuliza.

Kurudi

Angalia treni ya mwisho kabla ya kuondoka nyumbani. Njia ya Victoria ya treni za chini ya ardhi (Tube), inayoanzia Brixton, hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu. Siku nyingine Tube hufunga karibu saa sita usiku, na mabasi ya usiku, kama yale yenye herufi N, ndiyo hubaki. Shoo ikiisha, kituo cha Brixton huweza kufungwa kwa muda ili kupunguza watu. Ukumbi uko Stockwell Road, kwa hiyo badala ya kusimama kwenye rundo la kituoni, fuata barabara hiyohiyo kwenda uelekeo wa kinyume. Kama dakika 20 kwa miguu uko kituo cha Stockwell, penye njia ya Victoria na ya Northern pia.