Namna ya Kupima Athari ya PACAP kwa Seli za Pituitari na za Ubongo

Neuropeptidi (kipande kidogo cha protini kinachobeba ujumbe wa neva) iitwayo PACAP, kifupi cha Kiingereza cha "pituitary adenylate cyclase-activating polypeptide", yaani peptidi inayoamsha adenilati siklesi ya pituitari, ilipata jina lake kutokana na kipimo kilichoifichua. Mwaka 1989 kundi la Akira Arimura wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, lilichuja dondoo la haipothalamasi (sehemu ya chini ya ubongo) za kondoo na kuijaribu kila sehemu kwenye seli za pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, za panya, likitafuta ile itakayoamsha kimeng'enya cha adenilati siklesi na hivyo kuongeza cAMP, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Iliyopatikana ilikuwa na asidi amino 38. Baadaye ikajulikana na ile fupi yenye 27. Kipimo hicho bado kinafaa kuanzia.

Kata sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari vipande vidogo, uvitenganishe kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kisha uziache seli zipumzike siku mbili au tatu, kwa kuwa tripsini huharibu vipokezi vilivyo juu ya utando na seli huhitaji muda wa kuviunda upya. Anayepima siku hiyo hiyo huishia kuilaumu peptidi bure.

Peptidi yenyewe huharibikia mikononi mwetu kuliko tunavyokiri. Igawe katika mirija midogo, uigandishe, na usiiyeyushe mrija mmoja mara kwa mara. Wakati wa kuizimua, tia albumini ya asilimia 0.1, maana PACAP hunata kwenye plastiki: nanomola 1 uliyoiandika daftarini yaweza kuwa imebaki ukutani mwa mrija. Pima kuanzia nanomola 0.1 hadi 100, ukiongeza mara kumi kila hatua. Tanguliza IBMX, inayozuia cAMP isivunjwe, ongeza peptidi kwa takriban dakika 15, kisha simamisha kila kitu kwa asidi na upime.

Usikose visima vitatu vya kulinganishia: kimoja chenye kimiminiko kitupu, kimoja chenye foskolini, ambayo huamsha siklesi bila kupitia kipokezi, na kimoja chenye VIP, peptidi iliyo ndugu wa PACAP. Kipokezi cha PAC1 huikamata PACAP kwa nguvu kuliko VIP kwa mbali sana, ilhali vipokezi vingine viwili, VPAC1 na VPAC2, havizibagui. Kwa hiyo seli zikiitikia PACAP kidogo lakini zikahitaji VIP nyingi mno, mshukiwa wa kwanza ni PAC1.

Kwa seli za ubongo, cAMP peke yake haitoshi, kwani PAC1 huweza pia kuamsha kimeng'enya kingine, fosfolipasi C, na kupandisha kalsiamu ndani ya seli. Mfano mzuri ni seli ndogo za serebela (ubongo mdogo wa nyuma) za watoto wa panya wa takriban wiki moja: zikihamishwa kutoka potasiamu ya milimola 25 hadi 5, nyingi huanza kujiua, nazo PACAP huokoa sehemu yake. Hapo hesabu seli zilizo hai.

Ukirudi kwenye pituitari, pima pia homoni iliyomwagwa nje. PACAP ikiwa peke yake huitoa LH, homoni ya pituitari inayoamsha ovari na korodani, kwa unyonge, lakini huongeza nguvu ya GnRH, homoni ya haipothalamasi inayoiamuru pituitari kuitoa LH. Hivyo ziweke pamoja na kila moja kivyake. Tena sahani hiyo ina mchanganyiko wa seli, zikiwemo za folikulostelati zisizotoa homoni za tezi lakini zinazoitikia PACAP kwa kutoa intaleukini-6, protini ya ujumbe wa mfumo wa kinga. Kabla ya kuandika kwamba cAMP ilipanda katika seli za LH, zipake kingamwili za LH, au urudie jaribio kwenye ukoo mmoja wa seli zinazokuzwa maabara, kama αT3-1 wa aina ya seli za LH.