Viota vya mianzi: mtambue nyuki mdoezi

Huku Kakamega na Vihiga, anayekata vipande vya duara kwenye majani ya waridi si mharibifu. Ni nyuki mkata majani, na huchavusha mbaazi na mitoo. Nyuma yake huja nyuki mdoezi, anayetaga katika kiota cha mwenzake kama kekeo. Tengeneza viota, utawaona wote.

1. Kata mwanzi mkavu vipande vya sentimita 15, fundo libaki nyuma kama kizibo. Tundu liwe milimita 6 hadi 10. Sugua mdomo kwa msasa, maana nyuzi huchana mabawa.

2. Funga vipande 20, tundika chini ya upenu, mita moja na nusu kutoka ardhini, vikitazama mashariki. Paka waya wa kutundikia grisi, la sivyo sisimizi watamaliza mabuu. Mvua ikiingia, chavua huota ukungu.

3. Vizia saa nne asubuhi, jua likiwaka. Mwenye kiota huja na kipande cha jani, au tumbo likiwa njano kwa chavua upande wa chini. Mdoezi haji na kitu. Jike lake lina tumbo jeusi lenye mistari myeupe, limechongoka kama penseli, halina manyoya ya kubebea chavua. Mwenyeji akitoka, yeye huingia, hutoboa ukuta wa jani kwa ncha ya tumbo na kuficha yai. Buu lake huota taya kama mundu, huua yai au buu la mwenyeji, kisha hula akiba yote ya chavua.

4. Jioni tazama ncha za nyasi. Utamkuta amelala ameuma bua kwa taya, miguu imekunjwa. Hana nyumba.

Maswali

*Nimuue?*
Usimuue. Pasipo wenyeji naye hayupo. Wadoezi wakizidi, tawanya viota: mafungu manne ya vipande vitano yaliyo mbalimbali ni bora kuliko moja la 20.

*Ataingia mzinga wangu wa asali?*
Hapana. Mvamizi wa mizinga ni nyuki wa Rasi, wa Afrika Kusini. Kibarua wake hutaga mayai ya kike bila kupandwa, na alipohamishiwa kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1990 aliangamiza mizinga mingi. Usilete nyuki kutoka huko.

*Niko Kisumu. Mbele ya ukuta wa udongo anazunguka mweusi mwenye madoa ya buluu. Ni yeye?*
Ni mdoezi wa jamii nyingine, Thyreus. Anamvizia Amegilla, nyuki mnene mwenye mistari anayechimba udongo huo. Ukiukandika ukuta kwa saruji, wote wawili wataondoka.