Umechimbua kidude usichokijua? Namna ya kukitambua hatua kwa hatua

Wakuu, habari. Kila anayetafuta kwa kigunduzi cha metali hukutana na kitu hiki: kidogo, kimepinda, kina tundu, si sarafu wala si kifungo. Wengi hukimbilia kukipa jina. Ukishaamua kwamba ni hirizi, kila mkwaruzo utauona ni maandishi. Ninachosisitiza ni kimoja: jina lije mwisho. Kwanza tujue ni metali gani, kilitengenezwaje na kimelika wapi.

Hatua ya 1: Kabla ya kukiokota
Kikiwa na umbo la bomu la mkono, kombora, au ganda la risasi ambalo kichwa chake bado kipo, usikiguse. Ondoka, zuia watu, waite polisi. Kilipuzi hakiwi salama kwa sababu kimezeeka au kimeliwa na kutu.

Vinginevyo, piga picha kikiwa shimoni, andika kina chake na vitu vilivyokizunguka. Misumari na vipande vya matofali vinaashiria jengo, na hilo linapunguza sana orodha ya kukisia. Hakikisha pia una ruhusa ya mwenye ardhi na unaijua sheria ya mambo ya kale ya nchi uliyopo.

Hatua ya 2: Usikisugue
Tope litoke kwa maji safi na brashi laini, basi. Siki, ndimu, majivu na brashi ya waya viache kabisa. Kwenye shaba, ile kutu ya kijani mara nyingi ndiyo iliyobeba michoro na herufi. Ukiibandua umefuta ushahidi. Cha chuma kikaushe haraka. Nawa mikono baadaye, maana madini ya risasi ni sumu.

Hatua ya 3: Ni metali gani?
Anza na sumaku. Chuma na nikeli hunaswa; shaba, fedha, dhahabu, alumini na risasi hazinaswi. Kisha rangi: kijani ni dalili ya shaba, utando mweupe-kijivu juu ya kitu kizito ni dalili ya risasi, weusi huweza kuwa fedha.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha uzito na maji. Pima kitu kikavu, kwa gramu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu kizamishe kitu kwa uzi kisiguse chini wala pembeni. Namba utakayoona ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya ule uzito wa kwanza kwa namba hii. Alumini hutoa 2.7, zinki 7.1, chuma 7.9, shaba ya manjano karibu 8.5, shaba nyekundu 9, fedha 10.5, risasi 11.3, dhahabu 19.3. Uwazi wa ndani, mapovu na kutu nene hupunguza jibu, kwa hiyo rudia.

Metali yenyewe hutoa umri pia. Njia ya kuzalisha alumini kwa bei nafuu iligunduliwa 1886, na Hall kule Marekani na Héroult kule Ufaransa, kila mmoja kivyake. Kidude cha kawaida cha alumini, basi, hakiwezi kuwa cha kale sana.

Hatua ya 4: Kilitengenezwaje?
Tumia kioo cha kukuzia. Mshono mwembamba unaozunguka ni alama ya kalibu, yaani chombo cha kumiminia metali iliyoyeyushwa. Mikwaruzo sambamba ni tupa. Duara nyingi zenye kitovu kimoja ni kerezo, yaani mashine ya kuchonga kitu kikizungushwa. Hesi (mizunguko ya skrubu) zilizolingana kabisa ni kazi ya mashine, na skrubu yenye kichwa cha msalaba ilianza kuenea miaka ya 1930.

Hatua ya 5: Kilifanya kazi gani?
Tundu lililolika upande mmoja linasema kilining'inia. Ukingo uliong'aa ulisuguana na kitu. Ukingo wenye chengachenga umevunjika, na hapa wengi hukwama: wanatafuta jina la kitu kizima wakati wameshika nusu ya bizimu au kipande cha kufuli. Kichore kwenye karatasi, kisha endeleza mikunjo pale ilipokatika.

MASWALI

*Mkuu, kigunduzi changu kilionyesha namba ya juu kwenye skrini. Si ni fedha hiyo?*
Hapana, ndugu. Namba inategemea jinsi kitu kinavyopitisha umeme, pamoja na ukubwa, umbo na kina. Shaba nyekundu huingia eneo lilelile, na alumini kubwa pia. Pete ndogo ya dhahabu nayo yaweza kusoma sawa na karatasi ya alumini.

*Nina tufe la kijivu, kipenyo milimita 17, gramu 29. Ni risasi ya gobori?*
Umefanya vizuri kupima. Tufe la milimita 17 lina ujazo wa karibu 2.57, na 29 ukigawa kwa hapo unapata 11.3. Metali ni madini ya risasi bila wasiwasi. La chuma lingekuwa na gramu 20 hivi. Sasa tafuta tundu linalopenya katikati: likiwepo, ni chubwi la mvuvi. Lisipokuwepo, na ukaona mshono wa kalibu pamoja na kikovu bapa mahali risasi iliyoyeyushwa ilipomiminiwa, gobori linawezekana sana.

*Kuna chapa ya 925. Niamini?*
925 maana yake ni sehemu 925 za fedha katika 1,000, kama 750 ilivyo ya dhahabu ya karati 18. Chapa hughushiwa, kwa hiyo pima: itoe karibu 10.4.

*Herufi zimefifia, na umekataza ndimu. Nitazisomaje?*
Zima taa ya chumba, laza tochi iangaze kutoka ubavuni, na uizungushe polepole. Piga picha kila upande taa inapohamia, ukiweka rula kando ya kitu. Herufi zisizoonekana mwanga ukitoka juu hujitokeza kwa vivuli vyake. Picha hizo hizo ndizo za kumpelekea mtaalamu wa makumbusho, pamoja na uzito, vipimo na jibu la sumaku.