Kebo za uongozi za ndege ndogo: kuzikagua, kuzibadilisha na kuzirudisha bila kosa

Rubani akivuta usukani, pua ya ndege inainuka kwa sababu ya kebo nyembamba iliyopita chini ya sakafu na nyuma ya viti, ikazungushwa kwenye puli gizani mpaka ikafika kwenye eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Kwenye ndege ndogo nyingi hakuna haidroliki inayosaidia katikati. Ni mkono wa rubani, kebo na kibao. Ndiyo maana kazi hii naifanya taratibu kuliko nyingine zote za ukaguzi wa mwaka, na nakuomba nawe uifanye hivyo.

Naandika kwa ajili ya fundi anayeanza, na kwa mwenye ndege anayetaka kuelewa fundi wake anatazama nini anapolala kifudifudi ndani ya mkia saa nzima. Kama huna leseni, fanya kazi chini ya usimamizi wa aliye nayo, na saini ni yake. Vipimo vya mwisho ni vile vya kitabu cha matengenezo cha ndege yako.

Kabla ya hatua yoyote, shika jambo moja. Kebo inayochakaa huonyesha dalili mapema, na ukizitafuta kwa makini utaziona. Kebo iliyofungwa vibaya haionyeshi kitu mpaka ndege iko angani. Kwa hiyo hatari huongezeka pale unapolegeza kitu. Usilegeze kebo kama hujajipangia muda wa kuirudisha na kuipima siku hiyohiyo.

Ijue kebo unayoishika

Kebo nyingi za mfumo mkuu wa uongozi ni za muundo wa 7x19: misokoto 7, kila msokoto una nyaya 19, jumla nyaya 133. Muundo huu hukunjika vizuri kwenye puli. Ule wa 7x7 ni mgumu zaidi na huonekana kwenye kebo nyembamba, kwa mfano za trimu, kile kibao kidogo kinachompunguzia rubani nguvu ya kushika usukani. Kanuni za Marekani za usanifu wa ndege ndogo kwa miongo mingi ziliweka inchi 1/8 kuwa unene wa chini kabisa kwa mfumo mkuu. Kebo ya 7x19 ya unene huo, ikiwa ya chuma cha kaboni, hukatika kwenye pauni 2,000. Ya chuma kisichoshika kutu hukatika kwenye pauni 1,760. Hazifanani, basi usibadilishe aina moja kwa nyingine kwa kufikiri kwamba ile inayong'aa ndiyo bora.

Hatua ya 1: Fungua njia nzima

Ondoa viti, vifuniko vya sakafu, vya mbawa na vya mkia. Piga picha kila kona kabla ya kugusa chochote, hasa mahali kebo mbili zinapopishana. Kisha weka mwenzako kwenye usukani, asogeze vibao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine huku wewe ukifuata kebo kwa tochi na kioo chenye mpini. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanakagua kebo ikiwa imetulia katikati, na kipande kilicholala juu ya puli hakionekani kabisa. Kipande hicho ndicho kinachokunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara.

Maeneo ya kukawia ni haya: kila puli, kila kipitishio cha plastiki (kile kinachoielekeza kebo isiguse mwili wa ndege), kila mahali kebo inapogusa kitu, futi 1 ya kwanza kutoka kwenye kila kichwa cha kebo kilichobanwa kwa mashine, na popote karibu na betri, kwa kuwa mvuke wa asidi hula chuma polepole bila kelele.

Hatua ya 2: Kitambaa, kisha kukunja

Pitisha kitambaa laini juu ya kebo, kwenda na kurudi. Waya uliokatika utanasa uzi wa kitambaa. Usitumie kiganja kitupu. Ncha ya waya huo huingia kwenye nyama kama sindano.

Lakini kitambaa peke yake hakitoshi. Waya unaweza kukatika na ukalala palepale kwenye msokoto wake, hasa ule unaogandamizwa na puli. Niliwahi kukagua kebo ya eleveta iliyopita kitambaa mara mbili bila kunasa. Puli moja chini ya sakafu ilinitia shaka kwa sababu ilikuwa haizunguki. Nikalegeza kebo, nikakikunja kile kipande kwa mviringo mpana, na ncha 3 za waya zikasimama mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo, kebo yoyote iliyopita kwenye puli iliyokwama naikunja. Mviringo uwe mpana. Ukiikunja kwa kona kali utaiharibu hata kama ilikuwa nzima.

Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaojulikana kwa namba AC 43.13-1B unataka kebo ibadilishwe ikiwa na waya mmoja uliokatika ndani ya maeneo ya hatari, kama yale ya Hatua ya 1 ambako kebo hukunjwa au kusuguliwa. Baadhi ya watengenezaji wana viwango vyao, na hivyo ndivyo vya kufuata kwa ndege zao.

Tazama pia uchakavu wa juu. Waya mpya ni wa duara. Ukisuguliwa unakuwa bapa na kung'aa, na kadiri unavyoendelea, mipaka kati ya waya na waya inafifia. Ukifika mahali nyaya za nje zinaonekana kama zimeyeyuka zikawa kitu kimoja, jua zimeisha kwa asilimia 40 hadi 50. Ibadilishe.

Kuhusu kutu: ya juujuu ifute kwa kitambaa kikavu. Ukiona kutu yoyote nje, legeza kebo uifungue msokoto kidogo kwa kuizungusha kinyume, uchungulie ndani. Kukiwa na unga au vishimo ndani, hakuna cha kusafisha, kebo hiyo inatoka. Usitumie pamba ya chuma, maana chembe zake hubaki ndani na kuanzisha kutu nyingine. Usiiloweke kwa petroli wala kiyeyushi chochote. Utaosha mafuta yaliyowekwa katikati ya misokoto kiwandani, na hayarudi kwa kupaka juu.

Hatua ya 3: Vichwa vya kebo

Mafundi wengi huhangaika na kebo wakasahau ncha zake. Vichwa vya chuma kisichoshika kutu cha aina ya 303Se vimejulikana kupasuka kwa ulikaji unaoanza kwenye vidoa vidogo, chumvi na unyevu vikisaidia, huku kebo yenyewe ikiwa safi kabisa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Australia iliagiza vichwa vya aina hiyo kwenye mifumo mikuu ya uongozi viondolewe vikifikisha miaka 15, hata kama ndege imeruka kidogo. Ndege inayokaa sana chini haisalimiki.

Toa waya wa usalama, ule mwembamba unaozuia maungio yasilegee, kwa sababu ufa hupenda kujificha chini yake. Safisha kichwa, kisha tumia lenzi inayokuza mara 10 na uzungushe mwanga kutoka pembeni. Doa la kahawia lisilotoka, kishimo au mstari mwembamba ni sababu tosha ya kuikataa kebo nzima. Angalia pia kama kebo imeanza kuchomoka kwenye kichwa. Mstari wa rangi uliochorwa kuvuka kutoka kichwani hadi kwenye kebo husaidia sana: ukikatika, kitu kimesogea.

Hatua ya 4: Puli na vipitishio

Zungusha kila puli kwa kidole. Isiyozunguka inasugua kebo kama msumeno. Soma mfereji wake: ukichimbika upande mmoja tu, puli na kebo haviko kwenye mstari, ukiwa na alama za misokoto zilizozama pande zote, mkazo umekuwa mkubwa mno. Hakikisha pini za kuzuia kebo isiruke nje ya puli zipo. Kipitishio kinaielekeza kebo tu, na hakitakiwi kuipinda zaidi ya digrii 3.

Hatua ya 5: Kubadilisha

Kebo ya uongozi yenye kasoro haiungwi wala kupunguzwa. Inabadilishwa nzima.

Kabla ya kulegeza, funga vibao visicheze, na uzibane kebo zinazobaki ili zisilegee na kuruka kwenye puli zake. Weka lebo kwenye kila ncha unayofungua, ukiandika kebo hiyo ni ipi na inaenda wapi. Funga kamba imara kwenye ncha ya kebo ya zamani ili unapoivuta, kamba ibaki kwenye njia yake na ije kuivuta mpya. Zilaze kebo zote mbili sakafuni na uzilinganishe urefu na vichwa. Namba ya kipuri peke yake usiiamini. Kebo ya kushoto na ya kulia zinaweza kutofautiana kidogo sana.

Kama kebo inatengenezwa karakanani, ikatwe kwa mkasi wake, kamwe si kwa moto. Kichwa kikishabanwa kipimwe kwa geji, kisha kebo ivutwe kwa asilimia 60 ya nguvu yake ya kukatika na ishikiliwe kwa angalau dakika 3. Kwa kebo ya pauni 2,000, hiyo ni pauni 1,200.

Hatua ya 6: Mkazo

Weka usukani na vibao katikati kama kitabu kinavyoeleza, uvifunge kwa pini zake. Tumia tensiomita, yaani kipima mkazo, ambayo muda wake wa kuhakikiwa haujapita, pamoja na kipande kinacholingana na unene wa kebo yako. Pima mbali na puli na vichwa, mara 3, uchukue wastani.

Kwa mfano, vitabu vya Cessna 172 za miaka ya sabini vinataka pauni 40 kwa eleroni (vibao vya mbawani vinavyolaza ndege upande) na pauni 30 kwa eleveta, vyote kwa nafasi ya pauni 10 juu au chini. Ndege yako ina namba zake.

Joto lina neno hapa. Alumini ya mwili wa ndege hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kaboni kwa kila digrii. Jua likiwaka, mwili unarefuka kuliko kebo, na mkazo unapanda; baridi ikiingia, unashuka. Iache ndege hangani mpaka joto lake litulie, kisha usome jedwali la joto kama kitabu kinalo. Kebo iliyokazwa mno huufanya usukani uwe mzito na kumaliza puli. Iliyolegea huruhusu kibao kutetema, na inaweza kuruka kwenye puli.

Unarekebisha kwa kikazio, kile kipande cha shaba chenye hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili. Ncha zote mbili ziingie sawasawa. Ukimaliza, hesi zinazoonekana nje ya kila upande zisizidi 3. Zikizidi, kebo ni fupi au ya ndege nyingine, na kulazimisha hakutaifanya iwe sahihi.

Hatua ya 7: Mwendo na mwelekeo

Mkazo ukiwa sawa, kazi haijaisha. Pima kwa kipimapembe kila kibao kinakwenda digrii ngapi juu na chini, na vizuizi vya kwenye kibao viguswe jinsi kitabu kinavyotaka.

Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya Beechcraft 1900D ya safari ya 5481 ya Air Midwest ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka Charlotte, Marekani. Watu wote 21 walikufa. Siku chache kabla, kebo za eleveta zilikuwa zimerekebishwa mkazo, na baadhi ya hatua za kitabu zikarukwa. Eleveta ikabaki na karibu nusu tu ya mwendo wake wa kushusha pua. Ndege iliruka safari kadhaa bila tatizo, mpaka siku ilipopakiwa mzigo uliolemea nyuma na rubani akahitaji ile nusu iliyokosekana. Nikihisi uvivu kwenye hatua hii, hilo ndilo ninalolikumbuka.

Kisha mwelekeo. Mwezi Novemba 2018, Embraer 190 ya Air Astana iliruka Ureno ikitoka matengenezoni, kebo za eleroni zikiwa zimefungwa kinyume. Marubani walipambana nayo angani kabla ya kuitua Beja. Ukubwa wa ndege haukuizuia hitilafu hiyo, na kwenye ndege ndogo kupishanisha kebo mbili ni rahisi zaidi.

Kaa kwenye kiti cha rubani. Shika usukani, vidole gumba vikielekea juu, uuzungushe kushoto: vidole vitaelekea kwenye eleroni iliyopanda, ya kushoto. Vuta usukani: ukingo wa nyuma wa eleveta upande. Kanyaga pedali ya kushoto: ruda, kile kibao cha wima cha mkiani, iende kushoto. Kwa trimu, ukiiweka ya kuinua pua, kibao chake kidogo kwenye eleveta kishuke.

Mtu wa pili, ambaye hakuifanya kazi, arudie yote haya kuanzia mwanzo. Usimwambie atakachokiona. Simama nje umsikilize akikuelezea kibao kimekwenda wapi, kisha mbadilishane nafasi.

Hatua ya 8: Kufunga

Funga vikazio kwa klipu au kwa waya wa usalama, ukimalizia kwa angalau mizunguko 4. Kagua kotapini (pini zinazozuia nati zisifunguke) na nati zote ulizogusa. Hesabu vifaa vyako kabla ya kurudisha kifuniko cha kwanza. Bisibisi iliyosahaulika chini ya sakafu inaweza kukwamisha kebo uliyoifanyia kazi siku nzima. Vifuniko vikisharudi, sogeza vibao tena mwisho hadi mwisho, kwa sababu skrubu ndefu ya kifuniko inaweza kugusa kebo.

Andika kwenye kumbukumbu za ndege namba ya kipuri, mkazo uliosomwa, joto la wakati huo, digrii za kila kibao na majina ya wote wawili waliokagua. Kebo mpya hujinyoosha kidogo inapoanza kazi, kwa hiyo weka pia mstari unaomtaka fundi wa ukaguzi unaofuata aupime mkazo upya.